Tumbo la Mama Likishika Ghafla: Mashine ya Ekografi na Ovari Iliyojisokota

Ndugu mfanyakazi, katika ukurasa huu tumezoea kukuambia juu ya kofia ya kazi, viatu, vumbi na nguzo za kushikilia paa la shimo. Leo tunatoka shimoni na kukufuata nyumbani. Kuna hatari moja ambayo haimo katika sheria za usalama zilizobandikwa mlangoni pa kazi. Inamshika bibi yako, dada yako au binti yako saa ambayo wewe uko mbali, na neno utakalosema kwa simu linaweza kumsaidia au kumchelewesha.

Tuseme jamaa yako inakaa Kalengera, kando ya barabara kubwa ya Goma kwenda Rutshuru, kati ya Rumangabo na Rubare, pale inapoanzia njia ya Tongo. Ni saa kumi na moja za alfajiri. Bibi yako ameinama kuinua dumu la maji. Mara anasikia kitu kinamkata chini ya tumbo, upande wa kuume, karibu na nyonga. Anakaa chini. Anatapika. Anajikunja, anageuka huku na huku, hapati namna ya kulala. Mama mkwe anasema ni malaria. Jirani anasema ni minyoo. Mwingine amekwisha kuchemsha majani, anatafuta bomba la kumpigia dawa kwa nyuma. Shemeji yako anakupigia simu: tufanye nini, na franka ziko wapi?

Makala haya ni kwa ajili ya dakika ile. Yasome sasa, wakati hakuna anayeumwa.

Ndani ya tumbo la chini la mwanamke kuna ovari mbili, moja kila upande wa kizazi. Ndimo mayai ya uzazi yanamotunzwa. Ovari ya mwanamke mzima ina urefu wa sentimeta 3 hivi, kama yai la njiwa. Haikupigiliwa misumari mahali pake. Inaning'inia kwa kamba mbili za nyama: moja inaifunga kwenye kizazi, nyingine inaifunga kwenye ukuta wa nyonga. Mishipa ya damu inapitia humo humo.

Wewe unajua bomba la mpira linaloleta hewa kwa nyundo ya kutobolea mwamba. Likijisokota mara moja, hewa inapita kwa shida. Likijisokota mara mbili au tatu, nyundo inanyamaza. Ovari nayo inaweza kugeuka juu ya kamba zake hivyo hivyo, na mishipa iliyo ndani inabanwa.

Lakini angalia jambo moja ambalo litatusaidia baadaye. Mishipa haibanwi yote kwa mara moja. Ule unaorudisha damu moyoni una ukuta mwembamba, kwa hiyo unabanwa wa kwanza. Ule unaoleta damu una ukuta mgumu na moyo unausukuma kwa nguvu, basi unaendelea kuingiza. Damu inaingia, haitoki. Ni kama shimo ambamo maji yanaingia na pampu imesimama. Ovari inavimba, inakuwa nzito, inageuka rangi ya zambarau, kisha nyeusi. Ikivimba sana hata mshipa wa kuleta damu unafungwa. Kutoka hapo nyama ya ovari inaanza kufa.

Kwa nini inajisokota? Mara nyingi kwa sababu ina mzigo. Uvimbe wa maji umeota juu yake, na ukipita sentimeta 5 hatari inazidi, kwa maana kitu kizito kinachoning'inia kinageuka kwa urahisi. Uvimbe mwingi wa namna hii si kansa, na mwanamke anaweza kukaa nao miezi bila kujua. Upande wa kuume unashikwa zaidi kuliko wa kushoto, kwa sababu upande wa kushoto utumbo mkubwa umejaza nafasi na kuzuia ovari isizunguke. Mama mwenye mimba changa yumo katika hatari pia. Na hata msichana ambaye hajaolewa, hata mtoto wa shule, anaweza kupatwa, mara nyingine bila uvimbe wowote. Baba wa binti mwenye miaka kumi na miwili, neno hili ni lako: usiseme anajifanya ili asiende shule, wala usiseme ni mambo ya mwezi, atazoea.

Dumu la maji silo lenye kosa. Kwa mwingine inakuja akiinama au akiruka, kwa mwingine inakuja amelala usingizi. Kwa hiyo msimsumbue mgonjwa kwa kumwuliza nani alimtumia kitu, wala alipita wapi jana.

Dalili zenyewe ni hizi: maumivu yanayoanza kwa ghafla, chini ya tumbo, zaidi upande mmoja, pamoja nayo kichefuchefu na kutapika. Homa mara nyingi haipo mwanzoni, au ni kidogo. Na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika: maumivu yanaweza kuja na kwenda. Ovari inageuka nusu, inarudi, inageuka tena. Mgonjwa analala saa mbili, nyumba nzima inashukuru, watu wanarudi shambani, halafu usiku yanarudi kwa nguvu. Maumivu yaliyopoa yenyewe si maumivu yaliyopona.

Sasa, juu ya malaria. Sisi watu wa Nord-Kivu tunaijua na hatuwezi kuidharau. Lakini katika nchi yenye malaria nyingi, mtu anaweza kuwa na vijidudu vyake katika damu na ovari iliyojisokota tumboni, vyote siku moja. Mwuguzi akichoma kidole na kipimo kikionyesha malaria, dawa ya malaria itolewe, vema. Lakini malaria haikati upande mmoja wa tumbo la chini kama kisu. Tifoide vivyo hivyo. Mgonjwa asirudishwe nyumbani na vidonge kwa sababu tu karatasi imesema malaria, kama tumbo lake bado halijaelezwa.

Yapo magonjwa mengine yanayofanana nayo. Apandisiti inauma upande ule ule wa kuume. Jiwe la figo nalo linakata na kutapisha. Na iko mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo inaweza kupasuka na kumwaga damu tumboni na kumwua mama siku ile ile. Kwa macho na kwa mkono tu, hata mganga mzoefu wa hospitali hawezi kila mara kuyatenga. Ndiyo maana tunaitafuta mashine ya ekografi.

Mashine hii, ndugu mfanyakazi, ni jamaa yako kuliko unavyofikiri. Haikuanzia hospitali. Ilianzia katika kiwanda cha chuma.

Huko Scotland, katika mji wa Glasgow, alikuwapo mganga wa wanawake jina lake Ian Donald. Alimpasua bibi wa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Babcock & Wilcox, iliyotengeneza boila kubwa za mvuke huko Renfrew, karibu na Glasgow. Kampuni ilikuwa na mtambo wa kutafuta nyufa ndani ya chuma bila kukikata. Mtambo unapeleka sauti ndani ya chuma. Sauti ikikuta ufa inarudi, na mwangwi wake unaonekana juu ya kioo. Wewe unayefanya kazi chini ya waya na vyuma vya kuinulia mizigo unafahamu faida ya kuona ufa kabla haujakatika. Donald akauliza: kama sauti inaona ufa ndani ya chuma, haiwezi kuona uvimbe ndani ya tumbo?

Tarehe 21 Julai 1955 alikwenda kiwandani. Nyuma ya magari mawili alipakia uvimbe mbalimbali uliokuwa umetolewa katika matumbo ya wanawake: mwingine wa nyama ngumu ya kizazi, na mmoja mkubwa wa maji, wa ovari. Watu wa kiwanda nao walileta pande la nyama ya ng'ombe la kulinganisha. Wakaweka mtambo juu ya uvimbe. Ule wa nyama ulirudisha mwangwi mwingi. Ule wa maji uliacha sauti ipite kimya mpaka ukuta wa upande wa pili. Siku ile, kati ya boila, ilijulikana kwamba sauti inaweza kutenga uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama.

Fundi mmoja kijana wa kampuni ya Kelvin & Hughes, Tom Brown, alisikia habari hiyo akampigia Donald simu, nao wakajenga mashine iliyofaa kwa watu. Tarehe 7 Juni 1958, Donald, Brown na mganga John MacVicar walitangaza kazi yao katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet. Katika wagonjwa wao alikuwamo mwanamke mwenye tumbo kubwa sana, ambaye waganga wengine walikwisha kumhesabu kuwa na kansa isiyopasulika. Mashine ilionyesha uvimbe mkubwa wa maji. Wakampasua, wakaondoa uvimbe wa ovari, naye akapona. Kwa hiyo tangu mwanzo wake, mashine hii imehusika na ovari. Mambo ya kutazama mtoto tumboni, ambayo ndiyo watu wote wanayajua leo, yalifuata.

Namna inavyofanya kazi haikubadilika sana. Sikio la mtu linasikia sauti mpaka mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mashine ya kutazama tumbo inatoa mitetemo kati ya milioni 2 na milioni 5 hivi kwa sekunde. Hakuna sikio la mtu linaloisikia. Ndani ya nyama sauti inakwenda karibu meta 1,540 kwa sekunde. Mashine inahesabu muda wa kila mwangwi kurudi, inajua umbali wake, inaweka nukta juu ya kioo. Nukta nyingi ni picha. Maji yanaonekana meusi, nyama ya kijivu, mfupa mweupe. Mafuta mazito ya baridi wanayompaka mgonjwa tumboni si dawa. Yanaondoa hewa kati ya ngozi na kichwa cha mashine, kwa sababu hewa inarudisha sauti yote. Hakuna miali kama ya eksirei. Mama mwenye mimba asiogope kwa ajili ya mtoto.

Mara nyingi mgonjwa anatakiwa awe na kibofu kilichojaa mkojo, kwa maana maji ya kibofu ni kama dirisha ambalo sauti inapita. Lakini mgonjwa wa namna hii anatapika na huenda akapasuliwa muda mfupi baadaye. Basi njiani msimlazimishe kunywa wala kula. Hospitali wanaweza kujaza kibofu kwa mpira mdogo, au kutumia kichwa kingine cha mashine kinachopita njia ya uke, ambacho hakihitaji kibofu kilichojaa na kinaiona ovari kwa karibu. Bibi yako akiambiwa hivyo asione haya, nawe usigombe. Kwa msichana ambaye hajajua mwanamume watatazama juu ya tumbo tu.

Mganga anatafuta nini juu ya kioo? Kwanza anazitazama ovari zote mbili na kuzilinganisha, kama wewe unavyolinganisha viatu viwili kujua kipi kimeharibika. Ovari iliyojisokota ni kubwa kuliko mwenzake. Mara nyingi imehama mahali pake, imesogea katikati, juu au nyuma ya kizazi. Vifuko vidogo vya mayai vimesukumwa pembeni na uvimbe, vikajipanga kama shanga kando ya duara. Maji kidogo yanaweza kuonekana yamekusanyika chini ya tumbo. Na mganga mwenye jicho zuri, akifuata kamba ya ovari, anaweza kuiona imejizungusha kama maji yanayozama katika shimo. Hiyo ni dalili yenye nguvu.

Mashine nyingi zina kitu cha ziada kinachoitwa Doppler, kwa jina la mtu wa Austria, Christian Doppler, aliyeeleza mwaka 1842 kwamba mawimbi yanabadilika kitu kinapokuja au kinapokwenda. Ni jambo lile lile unalosikia gari linapokupita barabarani likipiga honi: mlio unashuka mara linapokupita. Damu inayokwenda inabadilisha mwangwi, na mashine inaipaka rangi juu ya kioo. Damu isipoonekana ndani ya ovari inayouma, mambo ni mabaya, na mganga wa kupasua aitwe mara moja.

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo watu wanapopotezwa na mashine nzuri. Damu ikionekana katika ovari, hiyo haisemi kwamba ovari haikujisokota. Kumbuka tuliyosema: mshipa wa kurudisha damu unabanwa kwanza, na ule wa kuleta unaendelea kusukuma. Tena ovari inapata damu kwa njia mbili, moja kutoka mshipa mkubwa wa mgongoni, nyingine kutoka upande wa kizazi. Njia moja ikifungwa, nyingine bado inapiga. Na kama ovari inajisokota na kujisokotoa, huenda imetazamwa saa ambayo imefunguka. Kwa hiyo wako wanawake si wachache ambao kioo kilionyesha damu ikipita vizuri, na mganga alipofungua tumbo aliikuta ovari imejisokota. Waganga wanaojua kazi hii hawamwachilii mgonjwa kwa sababu ya rangi juu ya kioo. Wanatazama ukubwa wa ovari, mahali ilipo, na zaidi ya yote mgonjwa mwenyewe. Mwanamke mwenye ovari iliyovimba, anayekatwa na maumivu na kutapika, ni mgonjwa wa kupasuliwa mpaka itakapojulikana vingine.

Wewe hukusoma uganga, lakini unaweza kuuliza. Uliza hivi, kwa adabu: «Mganga, ovari zote mbili zimeonekana? Zinalingana? Ikiwa bado anaumwa, nani atamtazama tena, na saa ngapi?» Hakuna mganga mwema anayekasirika kwa maswali hayo.

Iko na namna nyingine ya kudanganyika. Mama mwenye mimba anasema: «Nilipigwa ekografi wiki iliyopita, mtoto ni mzima.» Ekografi ile ilitazama mtoto, huenda haikutazama ovari. Na hata kama ilitazama, ovari iliyokuwa salama Jumatatu inaweza kujisokota Alhamisi. Siku hizi kuna mashine ndogo sana, nyingine inaunganishwa na simu, na zimefika mahali ambapo zamani hapakuwa na kitu. Ni jambo la kufurahia. Lakini mashine haioni yenyewe. Anayeona ni mtu aliyeishika. Aliyefundishwa kuhesabu mapigo ya moyo wa mtoto si lazima awe amefundishwa kutafuta ovari. Akisema «sioni vizuri», mshukuru kwa kusema kweli, upeleke mgonjwa mbele.

Mbele ni wapi? Kwa mtu wa Kalengera, Rutshuru ni karibu kuliko Goma. Hospitali kuu ya Rutshuru inajulikana kwa kazi ya upasuaji. Waganga wa MSF walianza kuisaidia mwaka 2005. Upande wa Goma kuna hospitali ya mkoa, na kuna HEAL Africa, na nyingine. Kati ya Goma na Rutshuru ni kilometa 70 hivi, lakini wewe unaijua njia hii, kilometa zake hazihesabiki kwa namba tu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka na moto wake wa mawe ukakata barabara kaskazini ya Goma. Mwaka 2022 vita vilifika Rumangabo na Kalengera penyewe, na magari yakasimama. Kwa sababu hiyo usiseme «tutapeleka Goma» kama neno lililoandikwa tayari. Uliza kwanza njia ipi iko wazi leo, na kabla ya kuondoka mtu wa kituo cha afya apige simu kule mnakokwenda, aulize maneno mawili: mashine ya ekografi inafanya kazi, na mganga wa kupasua yupo? Hospitali yenye mashine bila mganga wa kupasua itawapa picha tu. Hospitali yenye mganga wa kupasua bila mashine ni bora kuliko hiyo, kwa maana yeye anaweza kufungua tumbo kwa dalili peke yake, kama waganga walivyofanya miaka mingi kabla ya kuwa na kioo.

Pikipiki inatikisa, na mgonjwa wa tumbo anaona taabu kubwa juu yake, lakini kama hakuna gari, apandishwe, akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika. Kama nyumba iko mbali na barabara, mbebeni kwa tipoyi mpaka kwenye lami. Mtu mmoja aandike juu ya karatasi: maumivu yalianza saa ngapi, alitapika mara ngapi, siku ya kwanza ya mwezi wake wa mwisho ni ipi, alikula mara ya mwisho saa ngapi, dawa gani amepewa. Na kituo cha afya wampime mkojo kujua kama ana mimba, maana kipimo hicho ni cha dakika chache na kinabadilisha mawazo yote ya mganga. Dawa ya kutuliza maumivu si kosa. Kosa ni kubaki nyumbani kwa sababu imetuliza.

Bomba la majani, hapana. Kumkanda tumbo kwa nguvu, hapana. Havifungui kamba iliyojisokota, na vinakula saa.

Na sasa neno gumu kidogo, kwako wewe bwana. Katika nyumba nyingi bibi hatoki kwenda hospitali mpaka bwana aseme ndiyo. Bwana yuko shimoni, simu haina moto, jibu linafika jioni. Sijui umekwisha kuhesabu saa ngapi zinapotea hivyo, kutoka alfajiri mpaka jioni. Hakuna mganga anayeweza kukuambia saa kamili ambayo ovari inakufa; nyingine imefunguliwa baada ya siku moja na ikapona, nyingine haikungoja. Lakini wote wanakubali kwamba kadiri saa zinavyopita ndivyo matumaini yanavyopungua. Kwa hiyo ruhusa itoe leo. Mwambie bibi yako, mbele ya mama yako na shemeji yako wasikie: tumbo likishika ghafla, upande mmoja, pamoja na kutapika, nenda, usiningoje. Weka franka kidogo mahali anapopajua, na uhakikishe kwamba jina lake na majina ya watoto yameandikwa katika kitabu cha matunzo cha kampuni, na kwamba kadi iko nyumbani kwake, si katika sanduku lako la kambini. Mimi nimeona kadi iliyolala kambini huku mgonjwa anaulizwa dhamana mlangoni, katika hospitali ambayo sitaitaja. Kila mtu pale alikuwa na haki kwa karatasi yake, na mama alikuwa chini, juu ya saruji.

Wengi wanaogopa kisu kwa sababu wanasema mwanamke atatolewa uzazi. Hofu hiyo ina historia yake. Zamani waganga wakikuta ovari nyeusi waliikata na kuiondoa, wakiogopa kwamba wakiifungua, damu iliyoganda itakimbilia mapafuni. Baadaye wakaona kwamba hofu ile haikuthibitika, na kwamba ovari nyingi zilizoonekana nyeusi zilirudi kuwa na uhai na kufanya kazi. Mwaka 2019 chama cha waganga wa uzazi wa Marekani kiliandika mwongozo juu ya wasichana: ifungue ovari, iache mahali pake, usiiondoe kwa sababu ya rangi yake. Kwa wanawake wenye umri wa kuzaa, waganga wengi wanafuata njia hiyo sasa. Kwa mama aliyekwisha kukoma kuzaa shauri linaweza kuwa jingine, kwa sababu uvimbe wa umri ule unahitaji kuangaliwa zaidi. Mganga anaweza kuingia kwa tundu ndogo na kamera, au kupasua tumbo kama hana vyombo hivyo. Kazi ya ndani ni ile ile, kugeuza ovari kurudi ilikotoka. Uvimbe wa maji unaweza kuondolewa siku ile au baadaye, ovari ikipoa.

Kabla ya kutia sahihi, wewe au shemeji yako mwulize mganga: «Ukiikuta imejisokota, utaifungua na kuiacha?» Na kama amelazimika kuitoa, ujue kwamba ovari moja iliyobaki inatosha kwa kuzaa. Usimrudishe bibi kwao kwa sababu ya kovu.

Akitoka hospitali, asiinue dumu mpaka mganga amruhusu. Ovari iliyojisokota mara moja inaweza kurudia, basi maumivu yale yakija tena, safari hii hamna haja ya kubishana juu ya malaria. Na baada ya wiki kadhaa, siku atakayopangiwa, arudi kupakwa yale mafuta ya baridi na kutazamwa tena: kama ovari imepungua ukubwa, kama uvimbe umekwisha, na kama vifuko vya mayai vimeanza kuonekana ndani yake.